Uvimbe kwenye ngozi ya mbwa: upi wa kusubiri, upi wa kukimbiza kwa daktari

Tuanze na jambo ambalo wenye mbwa wengi hawapendi kulisikia: hakuna mtu anayeweza kusema kwa kupapasa tu kwamba uvimbe huu ni saratani na ule si saratani. Hata daktari wa wanyama aliyezeekea kazini hawezi. Uvimbe laini unaocheza chini ya vidole mara nyingi ni mafuta tu, ila upo wa saratani ambao nao ni laini na unacheza vilevile. Kwa hiyo usitegemee kupata hapa jina la ugonjwa wa mbwa wako. Utakachopata ni kitu cha kufanyia kazi nyumbani: dalili gani huelekea kwenye kisababishi kipi, na una muda gani kabla mbwa hajachomwa sindano ya kipimo, yaani ile inayonyonya seli chache za uvimbe ili ziangaliwe.

Kwanza hakikisha ni uvimbe kweli

Wapo wanaokimbilia kwa daktari kwa sababu ya chuchu. Mbwa dume naye ana chuchu, kwa kawaida 8 hadi 10, zimejipanga mistari miwili kutoka kifuani hadi kinenani, na kwenye tumbo lenye manyoya mengi mtu anaweza kuishi na mbwa miaka bila kuziona. Kabla hujaogopa, tafuta mwenzake upande wa pili. Kupe aliyeshiba naye hufanana na chunjua ya kijivu. Chambua manyoya, mulika kwa tochi, utaona miguu yake midogo karibu na ngozi. Ncha ya mfupa wa kidari, pale kifua kinapoishia na tumbo kuanza, nayo huwashtua wengi. Kwa mtoto wa mbwa, kinundu laini kwenye kitovu kinachorudi ndani ukikibonyeza ni ngiri. Hiyo ni habari nyingine.

Vinundu vikitokea vingi kwa mpigo ndani ya saa chache, mbwa akajikuna na uso ukavimba, huo ni mzio: ameumwa na nyuki, au amepata dawa au chakula kisichompatana. Saratani haiji hivyo. Akianza kuhema kwa shida au kulegea, mpeleke saa hiyohiyo.

Kukagua na kuandika

Mara moja kwa mwezi inatosha. Anzia mdomoni: inua midomo, angalia ufizi na ulimi. Shuka masikioni, shingoni, kwapani, kifuani, tumboni, kinenani, kisha miguu yote minne hadi katikati ya vidole na kwenye mizizi ya kucha. Malizia chini ya mkia na kwenye sehemu za siri. Sehemu zinazorukwa zaidi ni hizo za mwisho, na kwa bahati mbaya ndizo zenye saratani mbaya kadhaa.

Ukikuta kitu, andika tarehe, mahali, upana kwa milimita kwa kutumia rula (si kwa kukisia), na kama kimo ndani ya ngozi yenyewe au chini yake. Njia ya kujua ni rahisi: sukuma ngozi taratibu. Kama ngozi inateleza juu ya uvimbe, uko chini. Kama vinakwenda pamoja, uko ndani ya ngozi. Piga picha rula ikiwa pembeni. Mbwa wenye vivimbe vingi wachorewe umbo la mbwa kwenye karatasi na kila kivimbe kipewe namba, maana baada ya miezi minne hakuna atakayekumbuka kipi kilikuwa wapi.

Kwa nini rula? Kwa sababu jicho hudanganywa na ukuaji wa polepole. Uvimbe wa mviringo ukitoka sentimita 1 hadi 2 kwa upana, ujazo wake haukuongezeka mara 2 bali mara 8.

Daktari bingwa wa saratani za wanyama kutoka Marekani, Sue Ettinger, ameeneza kanuni ambayo ni rahisi kuishika: uvimbe uliofikia sentimita 1, yaani kama punje kubwa ya njegere, au uliokaa mwezi 1, uchukuliwe kipimo. Haisemi ukatwe. Inasema upimwe. Mimi ningeongeza kwamba uvimbe unaotoka damu, unaokua kila wiki, au ulio mdomoni, kwenye titi au kwenye kidole, usingoje hata huo mwezi.

Dalili: laini, unacheza chini ya ngozi, hauumi

Kisababishi cha kawaida ni uvimbe wa mafuta. Huwapata zaidi mbwa wa makamo na wazee, hasa wanene, na hupenda kifua, mbavu na kwapa. Si saratani, na mara nyingi huachwa kama ulivyo hadi mbwa anapokufa kwa uzee. Hutolewa ukianza kumsumbua, kwa mfano ulioota kwapani na kumfanya atembee kwa kuchechemea. Upo uvimbe wa mafuta wa nadra unaopenyeza katikati ya misuli; huo huhisiwa kama umeshikamana na kilicho chini yake, na daktari huuangalia kwa uzito zaidi.

Mtego uko hapa. Mbwa ana vivimbe vinne vya mafuta vilivyothibitishwa, kinatokea cha tano, na kila mtu nyumbani anasema "ni kama vile vingine." Kila kivimbe kina kesi yake. Cha tano kinachomwa sindano yake, kinaandikwa namba yake.

Kama kinachoteleza chini ya ngozi si laini bali ni kigumu kama mpira, kinakua polepole mguuni au ubavuni na hakimuumi, fikiria saratani ya nyama za kuunganisha mwili, yaani sakoma. Hii huwapumbaza watu kwa upole wake. Inaonekana kama imefungwa ndani ya mfuko wake mwenyewe, ila mfuko huo ni wa uongo: vijimizizi vyake huwa vimeshatoka nje, na anayeukata kwa kuufuata ule mpaka anaouona huacha saratani ndani.

Dalili: unavimba, unanywea, unakuwa mwekundu ukishikwa

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndiyo saratani mbaya ya ngozi inayoonekana zaidi kwa mbwa, na pia ndiyo yenye ujanja zaidi. Ni uvimbe wa seli za masti. Seli hizi zipo kwenye ngozi ya kila mbwa mzima wa afya. Kazi yake ni kushiriki katika mzio, na ndani yake zimebeba histamini (kemikali inayoleta uvimbe na mwasho) na heparini (inayozuia damu kuganda). Zinapogeuka saratani hubaki na mzigo huo. Ukizibonyeza zinaumwaga.

Matokeo yake ni dalili usizoziona kwenye vivimbe vingine. Uvimbe uliokuwa mdogo asubuhi unakuwa mkubwa jioni baada ya watoto kuuchezea, ngozi inawiva na kuwasha. Madaktari huiita dalili ya Darier. Kesho yake unanywea, na mwenye mbwa anapumua: "Unapona." Hauponi. Uvimbe unaopanda na kushuka ukubwa ni sababu ya kuwahi, si ya kutulia.

Sura yake haitabiriki kabisa. Unaweza kuwa kitufe chekundu kisicho na manyoya, unaweza kufanana na alama ya kuumwa na mdudu, unaweza kuwa laini chini ya ngozi hadi ukadhaniwa ni mafuta. Boxer, Boston Terrier, Pug, Labrador na Shar-Pei hupata zaidi, lakini mbwa wa mchanganyiko hawajasamehewa.

Ukiona mwenye uvimbe wa aina hii anatapika, anakataa chakula, au kinyesi chake kimekuwa cheusi kama lami, usitafute kosa kwenye chakula. Histamini nyingi hulisukuma tumbo litoe asidi kupita kiasi na vidonda vya tumbo hufuata. Hiyo ni safari ya siku hiyohiyo.

La kufanya: usiubonyeze wala usiruhusu mtu kuukanda, na mwambie daktari kuhusu ule uwekundu kabla hajauchoma, ili ampe mbwa dawa ya kuzuia histamini kwanza akiona inafaa. Kwa bahati nzuri seli hizi hutoka kirahisi kwenye sindano na hutambulika chini ya hadubini kwa chembechembe zake za rangi. Ule wa daraja la chini, yaani usio mkali, ukikatwa vizuri mara ya kwanza, mbwa wengi hupona kabisa. Daraja lenyewe husomwa kwenye nyama iliyokatwa, si kwenye sindano, na ripoti inaweza kutaja mifumo miwili: ule wa Patnaik wa 1984 wenye madaraja 3, na ule wa Kiupel wa 2011 wenye mawili tu, la chini na la juu. Ukiona daraja la 2 la mfumo wa zamani, uliza la mfumo mpya ni lipi, kwani daraja la 2 ndilo lililokuwa likiwachanganya hata wataalamu.

Dalili: kitufe chekundu kwa mbwa mchanga

Mbwa wa chini ya miaka 3 anaota kitufe cha mviringo, chekundu, kinachong'aa, kichwani, sikioni au mguuni, na kinakua haraka ndani ya wiki chache. Mara nyingi ni histiositoma, uvimbe usio saratani ambao kinga ya mwili huumaliza yenyewe ndani ya miezi 2 au 3. Kama una ripoti ya sindano inayosema hivyo, unaweza kusubiri ukipima kwa rula. Bila ripoti, usisubiri, maana uvimbe wa seli za masti huweza kuvaa sura hiyohiyo.

Dalili: kama chunjua

Kwa mbwa mdogo, vichunjua vingi kwenye midomo na ndani ya kinywa huletwa na virusi vya papiloma na huondoka vyenyewe kinga ikishaamka, kwa kawaida ndani ya miezi michache. Kwa mbwa mzee, vinundu vidogo vyenye uso wa koliflawa usoni au mgongoni mara nyingi ni tezi za mafuta ya ngozi zilizokua kupita kiasi. Havina ubaya, ila hutoka damu vikikwaruzwa na kitana. Kinachokua, kinachobadilika rangi au kinachofanya kidonda kipimwe.

Dalili: umetokea ghafla, wa moto, unauma

Jipu. Ameumwa na mbwa mwenzake, amechomwa na mwiba au mbegu ya nyasi. Anaweza kuwa na homa. Joto la kawaida la mbwa ni takriban nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo usililinganishe na joto la binadamu ukadhani anaungua. Kama kuna tundu dogo katikati na kitu kinachotikisika ndani, ni funza wa nzi. Mwache daktari amtoe mzima, kwa sababu akikatika ndani huleta uchafuzi mbaya zaidi.

Jipu likitibiwa hupungua ndani ya siku, si miezi. Lililomaliza dozi ya antibayotiki na bado lipo, au limerudi palepale, lichukuliwe sampuli. Kuongeza dozi ya pili na ya tatu bila kipimo ndiko kunakopoteza muda.

Dalili: kidonda kisichopona, doa jekundu au jeusi

Tumbo lenye manyoya haba na ngozi nyeupe, mbwa anayependa kulala chali juani: hao ndio wanaopata saratani zinazotokana na jua. Moja huanza kama mkwaruzo wenye magamba usiofunga. Nyingine hutoka kwenye mishipa ya damu na hufanana na alama ya kuvilia damu, nyekundu au zambarau, ambayo haibadiliki rangi wala kufifia kama alama ya kawaida ifanyavyo.

Kuhusu nundu nyeusi, mahali ni muhimu kuliko rangi. Kwenye ngozi yenye manyoya, nyingi si mbaya. Mdomoni na kwenye mzizi wa kucha nyingi ni mbaya. Na kidole kimoja kilichovimba, chenye kucha iliyolegea au iliyong'oka, kikitibiwa kama maambukizi bila kupona, kipigwe picha ya eksirei na kichukuliwe sampuli. Saratani ya kidole hula mfupa kimyakimya huku mtu akipaka dawa ya kidonda.

Dalili: punje kwenye matiti ya jike

Jike ana kawaida ya jozi 5 za matiti, na vivimbe vingi huota kwenye jozi mbili za nyuma. Papasa kila titi peke yake, mbwa akiwa amelala chali. Takriban nusu ya vivimbe hivi kwa mbwa ni saratani mbaya, na ukubwa una maana: kilichotolewa kikiwa chini ya sentimita 3 kina matumaini mazuri zaidi kuliko kilichopita hapo. Titi lililovimba lote, gumu, la moto na lenye maumivu, kwa jike anayenyonyesha huwa maambukizi ya titi. Kwa asiyenyonyesha linaweza kuwa aina kali sana ya saratani inayojifanya maambukizi, na kisu hakiisaidii.

Dalili: damu sehemu za siri, nyama kama koliflawa

Hii ni saratani ya sehemu za siri inayoambukizwa (kwa kifupi cha Kiingereza, TVT). Si virusi: chembe hai za uvimbe zenyewe huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine wanapopandana, kulambana au kunusana, na ukoo wa chembe hizo umekuwa ukihama hivyo kwa maelfu ya miaka. Kwa jike, matone ya damu hudhaniwa kuwa joto. Kwa dume hudhaniwa ni ugonjwa wa mkojo. Joto huisha baada ya wiki kadhaa. Hii haiishi. Huweza pia kuota puani, na damu ikatoka tundu moja.

Pamoja na sura yake ya kutisha, ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri: sindano ya vinkristini (dawa ya saratani) mara moja kwa wiki, mara nyingi wiki 4 hadi 8, na wengi hupona bila kukatwa. Wakati wa tiba asikutane na mbwa wengine.

Dalili: nundu karibu na njia ya haja kubwa

Kwa dume mzee ambaye hajahasiwa, vinundu vya hapo mara nyingi hulishwa na homoni za kiume na hunywea akihasiwa. Kwa jike, au kwa dume aliyehasiwa zamani, usitumie maelezo hayo. Uvimbe ulio upande mmoja, ndani kidogo, pamoja na mbwa anayekunywa maji mengi na kukojoa kupita kawaida, unaweza kuwa saratani ya kifuko cha harufu inayopandisha kalsiamu kwenye damu. Daktari huuhisi kwa kidole chenye glavu.

Dalili: pande zote mbili kwa pamoja

Nundu mbili chini ya taya, mbili mbele ya mabega, mbili nyuma ya magoti ya nyuma, ngumu, zisizouma: hizo ni tezi za limfu, na zikivimba zote kwa pamoja limfoma, yaani saratani ya tezi hizo, iwe ya kwanza kuulizwa. Katika hali hii kuna kosa moja linalogharimu sana, nalo ni kumpa mbwa prednisoloni au steroidi nyingine "ajaribu kwanza." Tezi zitanywea, kila mtu atafurahi, kipimo kitatoa majibu yasiyoeleweka, na tibakemikali ikija baadaye itakuta ugonjwa umeshakuwa sugu. Sampuli kwanza, steroidi baadaye.

Sindano yenyewe, na majibu yasiyoeleweka

Ni sindano ya kawaida, nyembamba kama ya chanjo. Haihitaji dawa ya usingizi kwa mbwa wengi na huchukua dakika chache: seli hunyonywa, husambazwa juu ya kioo, hupakwa rangi, huangaliwa kwa hadubini. Watu huuliza kama kuuchoma uvimbe kutaisambaza saratani. Kwa uvimbe wa ngozi hofu hiyo si sababu ya kuahirisha kipimo. Anayeisambaza ni yule anayeukamua, anayeufunga uzi hadi uoze, au anayeuchoma kwa dawa kali.

Majibu yakisema "damu tu" au "seli hazitoshi," hayajasema "si saratani." Sakoma hasa huwa bahili wa kutoa seli. Rudia sindano, na ikishindikana tena omba kipande kidogo cha nyama kikatwe kwa ganzi kipelekwe maabara. Yakisema "mafuta tu" kwa uvimbe laini, nenda nyumbani na rula yako.

Kujua jina kabla ya kukata hubadilisha upasuaji wenyewe. Uvimbe wa mafuta hutolewa kwa kuufuata kingo zake. Wa seli za masti huhitaji kukatwa pamoja na ngozi nzima inayouzunguka, mara nyingi hadi sentimita 2 kila upande, na tabaka moja zaidi chini yake. Sentimita 2 ni rahisi kuzipata kama uvimbe ni wa milimita 8. Ukifikia sentimita 5 kwenye kifundo cha mguu, ngozi ya kuziba haipo tena. Faida ya kuwahi iko hapo.

Chochote kilichokatwa kiende maabara ndani ya formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze), hata kama kilionekana cha kawaida. Uliza swali moja ripoti ikirudi: kingo ni safi? Kama seli za saratani zimefika ukingoni, zungumzeni mapema kuhusu upasuaji wa pili au mionzi, kovu likiwa bado bichi. Mbwa mzee naye anastahili hesabu hiyohiyo. Moyo na figo vikipimwa vikawa sawa, umri peke yake haumnyimi upasuaji.

Baada ya hapo kovu linaingia kwenye ukaguzi wa kila mwezi, pamoja na tezi za limfu zilizo karibu nalo. Kivimbe kikitokea ndani ya kovu au pembeni yake hakingoji mwezi wala sentimita 1: kinachomwa sindano wiki hiyohiyo, na daktari apewe ripoti ya kwanza ya maabara kabla hajashika kisu.